Siku Liliposimamishwa Neno "Kwa Hiyo"

Ilikuwa saa nne asubuhi, na ilikuwa saa nne asubuhi tangu siku nyingi. Sisemi hivi kulalamika. Katika shule yetu saa zilikuwa chini ya Idara ya Upimaji, na Idara ilikuwa haijaridhika kwamba saa tano ipo. Walikuwa wanasubiri ushahidi. Sisi tulisubiri pamoja nao, tukiwa na vikombe vya uji usiopoa wala kuwa wa moto, na jua lilikaa juu ya paa la bwalo kama mwanafunzi aliyeambiwa asimame hapo mpaka aitwe.

Shule ilikuwa juu ya kilima, kilima kilikuwa juu ya ukungu, na chini ya ukungu sijui palikuwa na nini. Nilikumbuka kwamba niliwahi kuwa na mama, kwamba alinifungia sanduku kwa kamba ya katani na kunipa nasaha ndefu stendi mbele za watu, lakini kumbukumbu si kipimo, na kwenye lango letu kulikuwa na maandishi makubwa meupe: KISICHOPIMWA HAKIPO. Tulipima kila kitu. Tulipima uji, tulipima kucha, tulipima huzuni ya wageni wa kidato cha kwanza kwa kuwasimamisha kwenye mizani kabla na baada ya kulia. Umri nao ulikwenda upendavyo: niliwahi kuamka nikiwa kidato cha pili, nikaenda kupiga mswaki, nikarudi bwenini nikiwa kidato cha nne, shati limenibana na watu wananiita kaka. Mtu huzoea. Jina langu ni Ipyana, au ndilo ninaloitika. Kuna siku niliitika jina la mwingine na siku ikaenda vizuri zaidi.

Mizani zote za shule zilisawazishwa kwa mizani moja kubwa ya shaba, iliyofungiwa katika chumba cha ndani cha maabara. Tuliiita Mizani Mama. Asubuhi hiyo, ile ile ambayo ilikataa kwisha, Mizani Mama ilikutwa imepinda mkono mmoja, kama mtu aliyelalia ubavu vibaya. Akakamatwa Nsia.

Nsia alikuwa rafiki yangu. Ni yeye niliyepima naye kivuli cha mwalimu wa zamu, tukamwambia kwa nyuso za msiba kwamba kimepungua uzito, naye akajilaza zahanati akiomba maziwa. Alikuwa na kawaida ya kucheka kabla kichekesho hakijafika. Alikamatwa kwa sababu wiki ile, kama ilikuwa wiki, alinyoosha mkono darasani akauliza: "Madam, vitu vyote tunavipimia Mizani Mama. Yenyewe tumeipimia wapi?" Darasa lilicheka, Madam Shangwe hakucheka, na mtu aliyeuliza swali la namna hiyo hukumbukwa pale kitu kinapovunjika.

Walimweka katika Chumba cha Bado. Kiko mwisho wa korido ya maabara, na hakina kufuli. Anawekwa humo mtu ambaye jambo lake halijafikia hitimisho: hajasemwa kuwa amefanya wala kuwa hajafanya. Haadhibiwi. Analetewa uji. Kinachotokea ni kwamba sisi tulio nje tunaanza kumsahau, kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Kabla ya gwaride nilikuwa nimeshapoteza kidevu chake. Nilikuwa nayo sauti, nilikuwa nayo macho, lakini chini ya mdomo palikuwa na weupe, kama picha iliyomwagikiwa maji. Nilijua mambo yatakavyokwenda. Nikipoteza na macho, nitapita mlango ule nikipiga mluzi na sitajua nimempita nani.

Nikaenda kwa Madam Shangwe.

Madam Shangwe alikuwa mkuu wa Idara ya Upimaji, mwanamke mrefu, mpole, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Ufunguo wa chumba cha ndani ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali.

"Karibu, Ipyana. Leo umeniwekea nini kwenye kiti?"

"Hakuna kitu, Madam. Nimekuja kwa heshima."

"Hiyo ndiyo inanitia hofu." Akainuka, akakipapasa kiti, akakaa tena. "Haya, sema."

Nikasimama wima kama wakili. "Madam, aliyepinda Mizani Mama aliingia chumba cha ndani. Mtu haingii chumba kile bila kuwa na ufunguo. Ni kweli?"

"Kweli. Mlango tumeupima, ukuta tumeupima, dirisha halipo."

"Nsia hakuwa na ufunguo."

"Hakuwa. Ufunguo ni mmoja, huu hapa, na haujatoka shingoni mwangu. Na hilo limepimwa."

"Kwa hiyo Nsia hakuingia!"

Nilipiga kofi mezani kwa furaha. Madam alinitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyekuja kwenye harusi siku ambayo si yake.

"La kwanza nimelikubali," akasema. "La pili nimelikubali. Hilo la tatu umelitoa wapi?"

"Limetoka humo humo, Madam. Katika hayo mawili."

"Uliliona likitoka?"

Nikaondoa mkono mezani.

"Usinielewe vibaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema jambo alilolilalia na kuliamkia. "Chumvi tunaipima. Joto tunalipima. Watu waliapa kwamba dunia ni bapa kama sinia, wakala viapo, wakapima, wakaona aibu. Kila tunachokijua kilipita mlangoni kikapekuliwa. Hili neno lako la *kwa hiyo* linaingia na kutoka kama mtoto wa mwenye nyumba. Linafanya kazi kila siku, mahali kote, na hakuna aliyewahi kuliuliza kitambulisho. Kwa nini? Lina nini ambacho chumvi haina?"

"Lakini utalipima kwa kutumia nini, Madam?"

"Kwa majaribio."

"Na majaribio yakishatoka, utajuaje yanasema nini? Si itabidi useme, tumeona hivi na hivi, kwa..."

"Mama yako," akanikatiza, "alikuwa mbishi hivi hivi?"

"Sikumbuki, Madam. Hajapimwa."

Hapo alicheka kweli. Kisha akachukua chaki, akaandika tangazo. Nilikuwa nimeenda kumtoa mtu mmoja kifungoni na nimerudi nikiwa nimefungisha neno.

Tangazo lilisomwa gwarideni na kaka mkuu, Kahabi, kijana mnyoofu ambaye hata usingizini hulala akiwa ameunganisha visigino. "Neno *kwa hiyo* limesimamishwa kazi," akasoma, "mpaka litakapojaribiwa maabara na kuonekana linafaa. Atakayelitumia atakwenda Chumba cha Bado. Maneno mengine yanayofanya kazi hiyo hiyo kwa kujificha, yamo."

Watu walicheka. Walicheka mpaka walipofika mlango wa bwalo.

Nataka nieleze vizuri kilichotokea, maana nikisema tu kwamba mambo yalivurugika, nitakuwa nimesema uongo. Hakuna kilichovurugika. Kila kitu kilibaki mahali pake, na hilo ndilo lililotisha. Mvua ikaanza kunyesha. Nguo zetu zilikuwa kwenye kamba. Tulijua kwamba mvua inanyesha, na tulijua kwamba nguo ziko nje, na tukasimama barazani tukayatazama mambo mawili haya, kila moja peke yake, safi, la kweli kabisa, bila daraja katikati. Shuka zikalowa mbele ya macho yetu. Jirani yangu wa kitanda, Zabroni, ambaye kwa kawaida hula kama tanuru, alikaa mbele ya sahani ya maharage akiwa amekunja mikono.

"Nina njaa," akasema.

"Najua."

"Na hiki ni chakula."

"Ndiyo."

Akatazama sahani kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga. "Ipyana, mwanangu, hapa kulikuwa na kitu. Nilikuwa nakifanya kila siku. Kimeenda wapi?"

Nikamlisha kwa kijiko, kama mgonjwa, na nilipokuwa nampelekea kijiko mdomoni niliwaza: nimejuaje kwamba kijiko kiende mdomoni? Je, mkono wangu unatumia neno lililokatazwa? Je, mkono unalijua bila kulisema? Na kama mkono unalijua, ulijifunza wapi, kwa nani, kwa jaribio gani? Moto niliujua kwa kuungua. Pilipili niliijua kwa kulia. Lakini sikumbuki siku niliyoumizwa na *kwa hiyo*, wala siku niliyotembea bila hilo nikaanguka, nikainuka, nikajifunza. Labda nilijifunza kabla ya kuwa mimi. Labda halikujifunzwa. Labda, na hapa nilihisi baridi mgongoni, Madam ana haki: labda ni mazoea tu, kama mbuzi anavyoifuata njia ya lambo, na siku moja njia itapinda na sisi tutaendelea moja kwa moja mpaka kwenye korongo, tukiwa na uhakika.

Nikajaribu kukumbuka macho ya Nsia. Yalikuwepo bado. Rangi yake ilianza kuwa ya mtu yeyote.

Jaribio lilipangwa mara moja, maana kila kitu kilikuwa saa nne na hakuna wa kusema amechelewa. Kila kundi lilipewa kopo la goroli. Madam alitaka tukague kwanza, moja moja, na tukakagua: kila goroli iliyo koponi ni nyekundu. Baada ya hapo mtu mmoja anafumba macho, anatoa goroli, na kundi linaandika: goroli zote za koponi ni nyekundu; hii imetoka koponi; je, ni nyekundu? Rudia. Rudia. Rudia.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu shule yetu ambalo wageni hawalijui. Hakuna aliyekuwa akifanya majaribio. Yaani tuliyafanya, tulivaa makoti, tulimwaga asidi, tuliunguza meza, lakini matokeo tulikuwa tunayapika. Jibu linalotakiwa lilishuka kutoka kwa kaka na dada wa madarasa ya juu, nao walilipata kwa waliowatangulia, na kazi yetu ilikuwa kuanza na jibu na kurudi nyuma taratibu mpaka tufike kwenye vipimo. Ni sanaa, na nasema bila majivuno kwamba mimi nilikuwa bingwa wake. Kanuni ya kwanza ya sanaa hiyo ni hii: usilete matokeo yaliyonyooka. Kitu kilichonyooka kinanuka jiko. Weka kosa dogo. Kipimo kimoja kizidi kidogo, kingine kipungue, na mwalimu atasema, hawa wametoka jasho. Tuliliita kosa la adabu.

Nikaitisha mkutano nyuma ya matangi ya maji. Makundi yote yalileta mtu.

"Jibu ni ngapi?" akauliza Zabroni, na wote wakanyamaza kusikiliza, maana hakuna aliyefikiria kulitafuta koponi.

"Jibu ni kwamba neno linafaa," nikasema. "Linafaa kila mara. Nsia atoke, sisi tule. Mmeelewa?"

"Kila mara?" Zabroni akakunja uso. "We jamaa, tukimpelekea Madam karatasi inayosema halikukosea hata mara moja, si atajua tumepika?"

Watu wakatikisa vichwa. Ilikuwa hoja ya kitaalamu.

"Wekeni kosa la adabu," nikasema. "Dogo. Kila kundi na lake."

Tukatawanyika tukiwa tumeridhika. Na jambo la ajabu, ambalo linanikereketa hata sasa, ni kwamba koponi mambo yalikuwa sawa. Kundi letu tulitoa goroli baada ya goroli na kila moja ilikuwa nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka tukaona haya kwa niaba yake. Ingetosha kuandika tulichokiona. Zabroni akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa kistaarabu: *mara moja goroli ilielekea ukijani.*

Gwaride likaitwa. Ukungu ulikuwa umepanda mpaka kwenye visigino vya Kahabi. Madam Shangwe alisimama jukwaani na karatasi zetu, na upepo ulizipekua kabla yake.

"Kundi la kwanza," akasoma. "Neno limefaa, isipokuwa mara moja goroli ilielekea ukijani. Kundi la pili. Limefaa, isipokuwa mara moja goroli ilikuwa bluu kidogo, kisha ikarudi. Kundi linalofuata. Limefaa, isipokuwa mara moja hapakutoka goroli, palitoka kifungo."

Alisoma zote. Hakukuwa na kundi lisilo na kosa lake. Alipomaliza aliziweka chini taratibu, na niliapa moyoni kwamba niliona huzuni usoni pake, huzuni ya mtu aliyegonga mlango akitumaini kwamba hakuna mtu, na mlango ukafunguliwa.

"Ingekuwa chumvi," akasema, "ningefurahi. Ningewapa alama. Hakuna kipimo cha chumvi kisicho na kosa dogo, na chumvi yenye kosa dogo ni chumvi. Lakini hili haliwezi kuwa kweli *karibu* kila mara. Kama zote ni nyekundu, na hii ni mojawapo, na hii si nyekundu, hata mara moja tu, pembeni, kwa bahati mbaya... basi chini hakuna sakafu."

Alisema *basi*. Nadhani hakujisikia akilisema. Kahabi alimtazama, akatazama tangazo, akatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa nyuma. Yote niliyoyajua kuhusu kupika matokeo yalikuwa ya kweli, na yalikuwa ya kweli kwa chumvi. Nilichukua adabu ya chumvi nikaipeleka mahali ambapo haina adabu, kama mtu anayevua viatu kuingia mtoni akidhani ni msikiti. Kosa dogo katika joto la maji ni ukarimu: linampa mwenzako nafasi ya kupima tena. Kosa dogo hapa ni shimo, na shimo halina dogo, mtu hudumbukia mzima. Nikajaribu kuukumbuka uso wa Nsia ili nijitie moyo. Hakukuwa na macho. Palikuwa na sauti tu, inacheka kabla kichekesho hakijafika, na hata sauti hiyo ilikuwa inasogea mbali kama redio inayobebwa na mtu.

"Tulipika!" nikapiga kelele.

Gwaride zima likageuka.

"Nani alipika?" akauliza Madam.

"Sote, Madam. Hakuna goroli iliyokuwa kijani. Kifungo kilitoka kwenye shati la Zabroni. Zilikuwa nyekundu zote, kila mara, tuliona aibu tu kuandika."

"We mnafiki," Zabroni akaninong'oneza kwa meno, "umetuchoma."

Madam alishuka jukwaani, akaja mpaka mbele yangu. Kwa karibu macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mlipika," akasema polepole. "Nimesikia. Na habari hiyo, Ipyana, unataka nifanye nayo nini?"

Neno lilikuwa ulimini. Nililihisi pale, lina ladha kama ya sarafu. Kahabi alikuwa ameshasogea, mkono wake karibu na kola yangu, si kwa ubaya, kwa kazi. Ningelisema ningekwenda Chumba cha Bado, na nje asingebaki mtu wa kukumbuka kwamba kuna wa kukumbukwa.

Hofu ina akili yake. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote ya shule kumalizia watu sentensi kwa vichekesho, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nikafikiria kuiacha sentensi wazi.

"Sitaki kitu, Madam," nikasema. "Nina mambo mawili tu. Yote umeyapima mwenyewe."

"Sema."

Nikasema kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho wasikie: "Aliyepinda Mizani Mama alikuwa na ufunguo."

Nikamgeukia Madam.

"Ufunguo ni mmoja, na haujatoka shingoni mwa Madam."

Nikanyamaza.

Sijui nilitegemea nini. Nilisimama mikono nyuma kama mtoto wa kwaya aliyesahau ubeti. Hakuna aliyetumia neno lolote lililosimamishwa wala lililojificha. Lakini nililisikia likipita. Lilipita mstari hadi mstari kama upepo kwenye mahindi, nikaona vichwa vikiinuka kimoja baada ya kingine, hata wa kidato cha kwanza, hata Zabroni aliyeshindwa kula maharage, na macho yote, bila kuagizwa, yakaenda mahali pamoja: kwenye uzi mweusi shingoni mwa Madam Shangwe. Mkono wake ukapanda wenyewe ukaufunika ufunguo.

"Mnatazama nini?" akauliza. Halafu kwa ukali, "Kahabi! Wameona nini hawa?"

Kahabi alitenganisha visigino vyake. Kijana yule hakuwahi kumjibu mkubwa neno lisilo *ndiyo*.

"Hawajaona kitu, Madam," akasema. "Hakuna aliyekuwepo. Nisamehe, Madam. Hata mimi sijaona. Nimejua tu."

Madam akauvua ufunguo, akauweka kiganjani, na nilidhani atatukemea. Alianza kuongea taratibu, akiutazama, kama anaongea nao.

"Lile swali la yule binti lilininyima usingizi. Yenyewe tumeipimia wapi? Nikaingia. Nilitaka kuona tu kama inaweza kukosea. Niliweka mkono wangu juu ya sahani moja, nikakandamiza kidogo. Kidogo tu. Halafu nikakandamiza zaidi kwa sababu ilikuwa inanikubali. Kila nilichokiweka, ilikubali." Akainua macho. "Mnajua inavyotisha, kitu kinachokubali kila kitu? Nikaogopa. Nikasema, na neno tunalofikiria kwalo? Nani alilipima?"

Alitaka kujua kama sakafu ipo kwa kuichimba akiwa amesimama juu yake, na kusema kweli sioni njia nyingine ambayo mtu angeweza kuichimba. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu alikuwa mtu mzima, amesoma, ana koti, na alikuwa anaogopa kitu kile kile kilichoniogopesha nikiwa na kijiko cha maharage mkononi.

Mlango wa Chumba cha Bado ukalia mwisho wa korido.

Hakuna aliyeufungua. Ulikuwa hauna kufuli, nilishasema. Kilichokuwa kinaushikilia kilikuwa kimeondoka katika vichwa vyetu. Nikakimbia, nikawapita viranja, nikateleza kwenye sakafu iliyolowa, nikafika mlangoni nikihema, na msichana akatoka akiwa amejikinga macho kwa mkono, maana ndani kulikuwa na giza. Uso wake ulikuwa haujakamilika. Ulikuwa unakuja na kurudi, kama mtu anayetafuta shati la kuvaa.

"Mimi nani?" akaniuliza.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Swali jepesi! Nikasimama wima kama wakili. "Aliyewekwa katika chumba hiki ni Nsia," nikasema. "Wewe umetoka katika chumba hiki."

Nikanyamaza, nikamwachia amalizie mwenyewe, nikitabasamu kama mjinga.

Alifikiri. Akageuka nyuma, akatazama gizani.

"Lakini mle ndani tulikuwa wengi," akasema.

Nikaona nyuma yake mkono unashika mwimo wa mlango. Halafu mwingine. Walikuwa wanatoka, wavulana na wasichana, wenye sare za zamani ambazo sijawahi kuziona, watu wote ambao jambo lao halikuwahi kufikia mwisho, tuliowapita kila siku tukipiga mluzi. Nyuso zao zilikuja na kurudi. Walijaa korido, walinizunguka, kila mmoja akiuliza kwa sauti ya chini swali lile lile, na wale wa gwarideni walikuwa wanafika, wakasimama, wakaanza kulia bila kujua wanamlilia nani.

Hoja yangu haikuwa na kosa. Niliikagua palepale, mara mbili, ilikuwa imara kama chuma. Nilikuwa nimeiweka tu juu ya chumba nisichowahi kukichungulia. Katika umati ule hakukuwa na neno ambalo lingenisaidia, liwe limesimamishwa au limerudishwa kazini. Ilibidi nimtazame.

Nikamtazama. Kidevu kilikuja, kikatulia. Sikuwa na uhakika kama ndicho.

"Mbona unanikodolea kama jipu linalotaka kutumbuliwa?" akasema yule msichana, na akaanza kucheka kabla sijajibu.

Wasichana wengi wa shule yetu wangeweza kusema hivyo. Wengi wangeweza kucheka hivyo. Nilijua. Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na kitu kidogo kuliko uhakika, na kwa hicho nikamshika mkono.